Kaburi Namba Saba Kwenye Njia ya Reli

Shule ya Msingi ya Kobongo,
Homa Bay
12 Februari 1996

Kwa Bwana Nyangau,
Afisa wa Uhakiki wa Fidia,
Ofisi ya Mradi wa Reli, Migori

Bwana,

Mimi ni Jedidah Akumu, mwalimu mkuu wa shule iliyotajwa hapo juu na katibu wa kamati ya wakazi wa Kobongo. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya mama yako wala ya mama yangu, ili sote wawili tuwe wageni sawa ndani yake.

Mwezi Agosti mwaka jana malori yalimwaga mataruma ya reli, zile mbao nene za kulazia vyuma, kwenye uwanja wetu wa kandanda. Yapo mpaka leo, yamerundikwa kutoka goli hadi goli, na wanafunzi wangu wanacheza mpira barabarani. Wapimaji wenu walikuja Januari mwaka huu. Nisaidie kuelewa, Bwana: mataruma yalijuaje mahali pa kuja miezi mitano kabla ya wapimaji kujua reli itapita wapi?

Wapimaji hao walikaa nasi siku sita za kiangazi kikavu, wakapanda vigingi vya zege, wakaenda zao. Kigingi kimoja kimo ndani ya boma la mama yangu, hatua nne kutoka makaburi yetu. Mama yangu, Orpah, ana miaka sabini na minne. Alimwuliza kijana mwenye darubini, "Hiyo treni inakwenda wapi?"

"Migori, mama."

"Kufanya nini?"

Kijana alikunja miguu ya darubini yake akaondoka. Kamati inaona kwamba swali la mama ni la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa kuhusu mradi huu, nasi tunangojea jibu lake kwa maandishi.

Wako,
Jedidah Akumu


Ofisi ya Mradi wa Reli,
Migori
4 Machi 1996

Kwa Mwalimu Jedidah Akumu

Mwalimu,

Barua yako nimeipokea. Kuhusu mataruma na mwelekeo wa reli, hayo ni mambo ya Mhandisi Mkuu. Kazi yangu ni moja, nayo ni kuhakikisha kwamba serikali inamlipa mtu kwa kile alichonacho, si kwa kile anachodai kuwa nacho.

Kwa kuwa umependa maswali, nami ninalo. Wiki iliyopita nilikagua vigingi kumi na vinne vya Kobongo. Tisa vimeinama, na kimoja kimeng'oka kabisa na kulala ubavu. Zege halitembei, Mwalimu. Mtu amevisogeza ili reli imkaribie au impitie mbali, na katibu wa kamati hawezi kukosa kumjua mtu huyo.

Naambatisha fomu ya makaburi. Kila kaburi lililo kwenye njia ya reli litafidiwa na kuhamishwa kwa heshima hadi boma jipya. Andika jina la marehemu, mwaka wa kifo na mahali lilipo kaburi. Nakuonya mapema, kwa nia njema: katika miaka tisa ya kazi hii nimeonyeshwa kaburi lililokuwa na mbuzi, na mara moja kaburi la baiskeli. Nilifukua yote mawili.

Wako katika kazi,
O. Nyangau


Kobongo
20 Aprili 1996

Bwana Nyangau,

Zege halitembei, lakini ardhi ya Kobongo inatembea. Udongo wetu ni ule mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na mvua ikinyesha hufura kama unga uliotiwa hamira. Mlango wa darasa la sita hufungwa kwa urahisi mwezi Januari. Mwezi Aprili tunaufunga kwa bega. Wapimaji wenu walikuja katika mwezi wa udanganyifu. Wangeuliza mtoto yeyote, angewaambia kwamba hapa hakuna kitu kilichopandwa Januari na kukutwa wima Machi. Njoo ujionee, na uje na viatu usivyovithamini.

Fomu nimeirudisha. Makaburi ni arobaini na matatu kwa Kobongo nzima. Ya boma letu ni kuanzia namba tano hadi namba tisa: babu, nyanya, ndugu yangu Caleb aliyefariki Machi 1984, baba, na mtoto wa shangazi. Gordon, binamu yangu, ambaye mradi wenu umemwajiri kulinda mataruma, alinisaidia kuyapima kwa kamba. Ndiye aliyeketi nami hadi safu ya mwisho ikajaa.

Mama anasema atahama, kwa sharti kwamba wafu wake wahame naye, wote, bila kubaki hata mmoja. Nimemwahidi kwa jina lako, kwa sababu umeandika "kwa heshima".

Kuhusu mataruma: wanawake wa kanisa wameanza kuyakalia siku ya Sabato. Monicah, anayechukua omena, dagaa wa ziwani, Muhuru Bay na kuuza huku kwetu, aliwaambia, "Kaeni vizuri, dada zangu. Hili ndilo daraja la kwanza. Wa daraja la tatu wamesimama."

Jedidah Akumu


Migori
8 Oktoba 1996

Kwa Mwalimu Jedidah Akumu
KUH: KABURI NAMBA SABA… MAREHEMU CALEB

Mnamo tarehe 3 Oktoba, ukiwa semina Kisii, kaburi lililotajwa lilifukuliwa kwa kibali, mbele yangu na mbele ya askari wawili. Hadi kina cha futi tano hapakupatikana mfupa, jino wala unywele. Lilipatikana tunda kavu la mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole, likiwa limefungwa katika kitambaa kilichooza.

Tunda limehifadhiwa ofisini kuwa Kielelezo Namba Saba. Fidia ya Kobongo yote imesimamishwa. Shimo libaki wazi hadi uchunguzi ukamilike.

Nitaongeza neno moja ambalo si la ofisi. Tulipoanza kuchimba, mama yako alitoka nyumbani na shuka jeupe lililopigwa pasi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nililihesabu kuwa sehemu ya maigizo. Nilitarajia mengi kutoka Kobongo, Mwalimu, lakini si haya, na si kutoka kwako.

O. Nyangau


Kobongo
15 Oktoba 1996

Bwana Nyangau,

Nimeirarua barua hii mara tatu ili hii ya nne iwe na adabu.

Machi 1984 ndugu yangu Caleb alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alitoka Muhuru Bay usiku kuvua omena, yeye na Gordon, katika mtumbwi wa kukodi. Upepo uliwakuta mbali. Gordon alirudi akielea juu ya mtungi mtupu wa mafuta. Caleb hakurudi. Tulimtafuta siku kumi na moja, hadi upande wa Tanzania, na ziwa halikutupa hata kiatu.

Mtu wetu akifa na mwili usipatikane, hatumwachi bila nyumba. Tunachukua tunda la mwegea, tunaloliita yago, tunalivika, tunalililia, tunalizika kama tunavyomzika yeye. Mama alikwenda mwenyewe kulichagua. Alipita matunda marefu akachukua lenye kimo cha mtoto mchanga, akasema ndivyo alivyompokea Caleb mara ya kwanza. Lile unaloliita kitambaa kilichooza ni shati lake la Sabato. Mchungaji wetu hakupenda jambo hilo. Alisimama nje ya ua hadi shimo likafunikwa, lakini aliimba kutoka kule alikosimama, na kwa sauti kubwa.

Fomu yako ilikuwa na safu tatu: jina, mwaka, mahali. Haikuuliza ndani kuna nini. Sikuficha. Sikufikiri kwamba kuna mtu kando ya ziwa hili ambaye angehitaji kuambiwa.

Sasa lielewe lile shuka. Ulikuwa umeahidi kwamba wafu watahamishwa kwa heshima. Mama alipokuona na majembe alidhani siku imefika. Alikuletea sanda ya safari.

Anakaa kando ya shimo tangu siku hiyo. Kila asubuhi ananiuliza swali moja, "Ameletwa?" Shimo hatalifunika, na mtu mwingine hatamruhusu alifunike, mpaka mwanawe arudi. Sitaki fidia. Namtaka ndugu yangu.

Na swali moja kwako. Makaburi yalikuwa arobaini na matatu. Nani alikuambia uanze na la saba?

Jedidah Akumu


Migori
2 Desemba 1996

Mwalimu,

Aliyenipa habari siwezi kumtaja.

Maelezo yako nimeyasoma zaidi ya mara moja. Ningependa kuyaamini, na hilo lenyewe linanitia shaka, kwa sababu watu wote walionidanganya vizuri walinifanya nitamani kuwaamini. Mila naweza kuisoma kwa yeyote. Hata mwongo anaijua mila yake.

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo mwongo hawezi kulijua. Kile kitambaa kilikuwa na vifungo. Nieleze vilikuwa vingapi na vya rangi gani. Usimwulize mtu. Andika jibu siku utakayopokea barua hii.

Barua zako zijazo mpe Monicah wa omena, ambaye hupita hapa Migori, usizitie posta. Bahasha yako ya mwisho ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kugundishwa upya kwa uji.

O. Nyangau


Kobongo
11 Desemba 1996

Bwana Nyangau,

Vitano. Vinne vyeupe na kimoja cheusi, cha pili kutoka shingoni. Cheusi nilikishona mimi usiku wa kuamkia mazishi, kutoka koti langu la chuo cha ualimu, kwa kuwa kimoja kilikuwa kimepotea na mama alisema mwanawe hawezi kwenda kifua wazi.

Umenitahini, nami nakutahini, kwa masharti yaleyale: jibu siku utakayopokea barua hii, bila kumwuliza mtu. Kati ya Homa Bay na Migori upo mto Kuja. Reli yenu itauvuka wapi?

Jedidah Akumu


Migori
9 Machi 1997

Mwalimu Jedidah,

Nimeshindwa mtihani wako kwa miezi mitatu.

Vifungo ni vitano, na cha pili kutoka juu ni cheusi. Nilivihesabu peke yangu, mlango ukiwa umefungwa, kisha nikaketi.

Halafu nikafungua ramani. Reli inashuka kutoka kwenu hadi ukingo wa kaskazini wa Kuja, na inaanza tena ukingo wa kusini. Kati ya kingo mbili karatasi ni nyeupe. Hakuna mstari, hakuna kipimo, hakuna hata alama ya kuuliza. Nilipeleka ramani kwa Mhandisi Mkuu nikidhani ukurasa umepotea. Alikuwa akila ndizi.

"Nyangau, wewe umeajiriwa kuhesabu nini?"

"Makaburi, mkubwa."

"Umewahi kuona kaburi mtoni?"

"Hapana, mkubwa."

"Basi mto niachie mimi."

Nilitoka kama mwanafunzi aliyetumwa chaki. Lakini mlangoni mwake palikuwa na nakala za taarifa zinazopelekwa Nairobi, nami nikaona jina langu juu ya mojawapo. Taarifa niliyoandika kuhusu kaburi la ndugu yako ilikuwa kurasa mbili. Hii ilikuwa arobaini. Ndani yake makaburi yote arobaini na matatu yameitwa ya uongo. Kila kilichokosekana, kuanzia daraja na kifusi cha tuta hadi mwaka mzima wa kuchelewa, kimeelezwa kwamba kilimezwa na udanganyifu wa watu wa Kobongo, "kama ilivyothibitishwa na Afisa Nyangau". Mimi nilifukua moja, Mwalimu. Mengine arobaini na mawili yalifukuliwa kwa mashine ya kuchapia.

Nimeomba kielelezo kirudishwe. Nimejibiwa kwamba ndicho ushahidi pekee walio nao. Wamekihamishia ghalani, na ufunguo anao Mhandisi Mkuu. Ukikirudisha, alisema, utakuwa umekiri kwamba kaburi lilikuwa la kweli, na ikiwa moja ni la kweli, watauliza kuhusu yaliyobaki.

Nina watoto wanne shuleni. Naandika hivyo ili ujue ninachokihofia, si ili unihurumie.

Nyangau


Kobongo
6 Desemba 1997

Bwana Nyangau,

Miezi tisa hujaandika. Nimejiuliza kama barua yako ya Machi ilikuwa ya toba au ilikuwa njia ya kunituliza nisipeleke malalamiko kwingine. Mtu anaweza kukiri nusu ili asiulizwe nusu iliyobaki. Nimewaona wanafunzi wakifanya hivyo. Kama ndivyo, ulifanikiwa. Nilinyamaza nikikungoja.

Naibu wa chifu sikumsalimia mwaka mzima, kwa kuwa nilikuwa na hakika ndiye aliyekuambia uanze na namba saba. Yeye ndiye aliyetaka kiwanja cha stesheni kiwe kwa shemeji yake. Alikuja mwezi jana akavua kofia akaapa mbele ya mama kwamba hakusema. Mama alimwamini. Mimi bado sijaamua.

Umesikia kuhusu mvua. Nadhani Migori mmeipata vilevile. Tuta mlilolijenga Julai liliondoka katika siku mbili. Stesheni, ambayo ina dirisha la tiketi na saa isiyo na mishale, imesimama katika maji hadi kwenye vizingiti, na magugumaji ya ziwani yameingia chumba cha kungojea yakatulia kama abiria. Mataruma yameelea. Mia kadhaa yalikwenda na maji hadi kwa watu wa bondeni, nao wakayapokea kwa shukrani na mashoka. Hatimaye reli imesafiri.

Gordon bado anayalinda yaliyobaki. Hajalipwa miezi minane, anavaa koti lenu la mvua lenye maandishi mgongoni, na mtoto akigusa taruma anamfukuza kwa filimbi. Nilimwambia aache, aje alime. Akajibu, "Nikiacha, dada, nitakuwa nilifanya yote kwa ajili ya nini?" Sikuelewa alichomaanisha.

Shimo limejaa maji. Tunayachota kwa ndoo kila alfajiri kwa sababu mama hataki mwanawe akirudi akute maji tena. Amekonda, na kifua chake kinapiga kelele. Daktari wa Homa Bay amesema alazwe. Mama amesema atalala akishamlaza mwanawe.

Sijui kama nakuandikia rafiki au shahidi wa upande wa pili. Lakini kama unaweza kuleta, lete sasa.

Jedidah Akumu


Migori
18 Februari 1998

Barua hii naomba isomwe kwa sauti katika boma la Mama Orpah, mbele ya watu wote watakaokusanyika, kabla sanduku halijafunguliwa.

Mama Orpah, Mwalimu Jedidah, wazee, akina mama na majirani wa Kobongo,

Mtu aliyewakosea hadharani hana haki ya kuomba radhi faraghani. Ndiyo sababu nimeomba sauti ya Mwalimu initangulie mbele yenu.

Mradi wa reli umefungwa. Haijatangazwa, umefungwa tu, kama duka ambalo mwenyewe amesafiri. Mhandisi Mkuu amehamishiwa mradi mwingine, wa bwawa, mahali ambapo naambiwa hapana mto. Wiki jana vitu vya ghala vilipigwa mnada: mabati, viti, toroli, darubini mbili, na sanduku moja la mbao lililoandikwa "Kielelezo". Dalali aliuliza kuna nini ndani. Nikasema, kuna mtu. Watu wakacheka, na hakuna aliyetaka kushindana nami.

Nilipewa kazi ya kutofautisha kaburi la kweli na la uongo. Nilikuwa na kipimo kimoja tu, mfupa. Kwa kipimo hicho niliita uongo kitu cha kweli kuliko vyote nilivyovishika katika kazi yangu, na wakati huohuo nilikuwa nikipokea mshahara kutoka kwa reli isiyokuwa na njia, yenye stesheni isiyokuwa na treni na daraja lisilokuwa hata kwenye karatasi. Shimo la uongo halikuwa hapa kwenu. Lilikuwa kule nilikoketi, nami sikulitambua kwa sababu lilikuwa na sakafu na dirisha.

Wakaguzi wamekuja kutoka Nairobi. Nimewakabidhi taarifa yangu ya kurasa mbili na nimeapa kwamba zile thelathini na nane si zangu. Sijui watafanya nini. Siwaahidi, kwa kuwa Kobongo mmeahidiwa vya kutosha. Mimi nimeachishwa kazi, na ninarudi kwetu kuuza ndizi pamoja na mke wangu.

Mwalimu aliniuliza nani aliniambia nianze na namba saba. Nilikataa kujibu, na kwa kukataa kwangu mtu asiyehusika amenyimwa salamu mwaka mzima. Namwomba naibu wa chifu radhi. Hakuwa yeye. Niliambiwa hivi: "Ukitafuta uongo, anza na namba saba. Mle hamna mtu." Aliyesema alijua, kwa sababu alikuwako siku ambayo mtu huyo alipotea. Jina lake sitaliandika. Nimemwachia alitaje mwenyewe. Najua kwamba alikuwa ameahidiwa cheo cha msimamizi wa walinzi, na najua pia, kwa jinsi alivyotazama kando tulipochimba, kwamba cheo hakikuwa sababu yote.

Sanduku nimelileta mwenyewe, nikampa Monicah alifikishe ndani. Mimi nimesimama nje ya ua, mahali ambapo nadhani mchungaji alisimama mwaka ule. Shuka la Mama limo ndani. Mke wangu amelifua na kulipiga pasi.

Okemwa Nyangau


Kobongo
2 Machi 1998

Ndugu yangu Nyangau,

Uliondoka kabla ya mwisho, kwa hiyo nakuandikia uliyoyakosa.

Nilisoma barua yako yote. Nilipofika pale ulipoacha jina, watu wakaanza kutazamana. Kisha Gordon akavua koti la mvua la mradi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kigingi cha reli, akasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyemsogelea. Akasema kwamba miaka kumi na minne kila anapopita kando ya kaburi lile analiona tupu, na watu wanapolisalimia anajisikia kama mwongo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayejua Caleb aliachwa wapi. Alisema mtungi wa mafuta ulikuwa mmoja.

Mama aliinuka. Ana kilo kama za mtoto wa darasa la tano, lakini aliinuka bila kushikwa. Akachukua jembe, akamwendea Gordon. Nilidhani atampiga. Akamtia jembe mkononi akasema, "Ulirudi bila yeye. Leo mrudishe."

Gordon aliingia shimoni mwenyewe kumpokea. Mama alimfunga Caleb katika shuka lako la pasi, akaangalia kwanza kifungo cheusi kama kipo. Mchungaji safari hii alikuwa ndani ya ua. Gordon alifukia peke yake hadi jua likaelekea ziwani, akakataa kupokezwa. Mama alikuulizia wewe Mkisii, "Yule Jakisii yuko wapi?" Tukamwambia amekwenda. "Mnamwachaje mtu aliyemleta mwanangu aende bila kula?" Kwa hiyo una deni la mlo huku, na usipokuja ataniuliza mimi.

Naibu wa chifu nimemsalimia. Ilikuwa vigumu kuliko kuandika barua zote hizi.

Kuhusu wakaguzi, gari lao lilikwama katika udongo wetu mweusi siku ya kwanza. Vijana walilitoa kwa kutandika mataruma chini ya magurudumu. Mkubwa wao alisema ni mbao nzuri sana na kuuliza zimetoka wapi. Nimempa nakala za barua zetu. Bado sijaamua kama namwamini.

Mama alikubali kulazwa, akatoka baada ya siku nne. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilimkuta ameketi mlangoni, nami nikangojea lile swali, kwa mazoea ya miezi kumi na saba. Hakuliuliza. Alitazama vigingi vilivyoinama kila kimoja upande wake, akasema, "Na ile treni yao, imefika?"

Nikamwambia bado.

"Basi leta jembe."

Tulianza kupanda mahindi siku hiyohiyo, kutoka kigingi cha kwanza hadi cha kumi na nne, mahali hasa walipotuonyesha kwamba reli itapita.

Dada yako,
Jedidah Akumu